Mwenye benki mbili anakaguliwa na nani?

Mfanyabiashara wa Kigoma kuwa na akaunti mbili, moja Mwanga na nyingine Bujumbura, si jambo geni. Benki yenye kampuni tanzu ng'ambo hainitishi sana. CRDB iliingia Burundi mwaka 2012 kwa njia hiyo: benki mama iko Dar es Salaam, na Benki Kuu ya Tanzania ina pa kuanzia kudai hesabu za kundi zima.

Ninaouogopa ni mpangilio mwingine. Tajiri mmoja, au ukoo mmoja, ana benki hapa na nyingine nchi jirani, na hakuna benki kati ya hizo inayomiliki mwenzake. Kwenye makaratasi hazijuani. Benki Kuu yetu inakagua ya kwetu, wenzetu wanakagua ya kwao, na mwenye mali peke yake ndiye anayeona vitabu vyote viwili.

Sasa angalia anavyoweza kucheza. Mkopo chechefu, yaani usiolipika, unauzwa kwa benki ya pili kabla hesabu za Desemba hazijafungwa, Januari unarudi kimyakimya. Au benki ya kule inamkopesha mmiliki, naye analeta fedha hizo huku na kuziita mtaji wake. Fedha ileile imehesabiwa mara mbili, na siku ya shida haipo hata mara moja.

Uganda walishaonja. Uganda Commercial Bank ilipobinafsishwa, asilimia 49 ya hisa zilikwenda kwa Westmont ya Malaysia. Baadaye ikabainika kwamba nyuma yake ilikuwepo Greenland Bank, ya palepale Kampala, ambayo ilifungwa mwaka 1999. BCCI nayo, benki ya kimataifa iliyofungwa Julai 1991, ilikuwa imeishika kwa siri benki ya First American ya Washington. Mwaka 2002 wasimamizi wa benki wa Marekani walitoa tamko la pamoja kuhusu benki za nchi tofauti zenye mmiliki mmoja, na Kamati ya Basel, ya wasimamizi wa benki wa kimataifa, ikafuata mwaka 2003.

Na sisi? Benki ya FBME haikuwa ya mpangilio huu hasa, lakini ugonjwa ni wa jamii moja: makao makuu Dar es Salaam, zaidi ya asilimia 90 ya biashara ikifanyika Cyprus. Wizara ya Fedha ya Marekani ndiyo iliyoinyooshea kidole hadharani kwa utakatishaji fedha, Julai 2014. Leseni ilifutwa Mei 2017.

Wapo watakaosema ukali utafukuza wawekezaji. Labda wachache. Lakini bima ya amana inafidia hadi shilingi milioni 7.5 tu, na mwenye mauzo ya dagaa ya msimu mzima anajua hapo anabaki na nini.

Kwa hiyo nataka leseni iwe na sharti: mmiliki mwenye benki nchi nyingine alete hesabu zake zilizokaguliwa, kila robo mwaka aeleze benki hizo mbili zimekopeshana na kuuziana nini, na wasimamizi wa huko wakigoma kubadilishana taarifa na wetu, asipewe. Jina la mmiliki wa mwisho, mtu mwenye sura na si kampuni ya sanduku la posta, libandikwe kila tawi, pembeni ya ubao wa viwango vya kubadilishia fedha.