Trekta iliyotumika: bei ya kutaja ianzie wapi?

Trekta inapoingia sokoni Arusha au Moshi, muuzaji na mnunuzi huwa wameanza hesabu kutoka ncha mbili tofauti. Muuzaji anaulizia bei ya trekta mpya ya ukubwa uleule, anapunguza kidogo, anataja. Mnunuzi anaanza na gharama ya fundi, anaongeza hofu yake juu yake, anataja nusu. Kila mmoja ana hoja, ila sehemu moja tu ya hoja.

Ya muuzaji ina uzito kuliko wanunuzi wengi wanavyokubali. Trekta haizeeki kama gari dogo. Massey Ferguson 135, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1964, bado inalima na kuvuta trela, kwa sababu injini yake ya Perkins ya silinda tatu ni nyepesi kufungua, spea zake zinapatikana na mafundi wanaijua. Mwaka wa kutengenezwa peke yake hausemi kitu. Trekta changa ambayo pampu yake ya haidroliki (mfumo wa oili unaonyanyua plau) inasubiriwa miezi miwili inaweza kuwa na thamani ndogo kuliko mzee wa miaka 40 ambaye oili sili yake, yaani mpira wa kuzuia oili isivuje, inapatikana leo jioni.

Lakini bei ya trekta mpya haifai kuwa mwanzo wa hesabu. Anayenunua mpya anapata dhamana, tairi zenye meno marefu, na mara nyingi mkopo. Anayenunua iliyotumika analipa taslimu na kubeba hatari yote siku hiyohiyo. Mwanzo sahihi ni bei ambayo trekta ya aina hiyo, inayofanya kazi, imeuzwa kweli karibuni. Hapa wengi hujikwaa: bei wanayoisikia ni ya dalali, na ndani yake kuna cha juu. Muulize aliyenunua, usimuulize anayeuza. Bei tatu za watu waliolipa zina faida kuliko ishirini zilizotajwa tu.

Baada ya hapo watu hukimbilia mita ya masaa, inayohesabu masaa ambayo injini imefanya kazi. Ni kipimo kizuri ikiwa nzima, ila kwenye trekta za zamani mita huzungushwa na injini yenyewe: saa moja hutimia injini ikiwa kwenye kasi ya kazi, na ikiunguruma polepole mita huhesabu pungufu. Nyingine zimeshabadilishwa, au zimekufa zamani. Kwa hiyo angalia vitu visivyobadilishwa ili kumpendeza mteja. Pedali ya klachi ikiwa imelika hadi chuma kinang'aa na mistari yake yote imefutika, halafu mita inasema masaa 1,800, mita ndiyo yenye makosa. Tundu la pini ya kuvutia trela nalo: likiwa limerefuka kama yai, trekta hiyo imevuta mizigo kwa miaka.

Ilikofanya kazi kunaeleza zaidi ya mita. Iliyolima mpunga Lower Moshi, Mabogini na Chekereni, ichunguzwe maji kwenye habu (vitovu vya magurudumu) za mbele, sili za ekseli ya nyuma na breki. Iliyosomba miwa au mchanga ichunguzwe klachi na breki. Iliyolima ngano na mahindi ya maeneo makavu, Siha, Monduli au Karatu, adui yake ni vumbi. Fungua mpira unaotoka kwenye kichujio cha hewa kwenda kwenye injini, pitisha kidole ndani. Kikitoka na vumbi, injini imekuwa ikimeza mchanga laini, na ringi za pistoni na laina (kuta za silinda) zimelika hata kama leo inawaka vizuri. Kipimo hicho cha nusu dakika kinaweza kubadilisha bei kwa mamilioni, na kwa maoni yangu muuzaji mwaminifu akifanye mwenyewe kabla ya kutaja chochote.

Mengine yapimwe injini ikiwa baridi, kwa hiyo gusa bomba la moshi kabla ya kuwasha. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma ni dizeli isiyoungua vizuri, au maji yanaingia. Mweusi kwenye mzigo mara nyingi ni nozeli zinazonyunyiza dizeli zimechoka au hewa haitoshi. Fungua mfuniko wa oili injini ikiwaka: upepo ukisukuma kwa nguvu, kompresheni inavuja kupita ringi. Oili ya gia boksi ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kuna maji. Kisha funga plau, inyanyue juu, zima injini na uitazame. Ikishuka chini ndani ya dakika moja au mbili, haidroliki inavuja ndani.

Kila kasoro iandikiwe bei ya spea pamoja na ufundi, maana klachi ya trekta nyingi haibadilishwi bila kuitenganisha trekta katikati. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, zinazofanana zimeuzwa karibu na milioni 27. Tairi mbili za nyuma zimekwisha: toa milioni 3. Haidroliki: toa laki 8. Klachi: toa milioni 1.2. Unabaki na milioni 22. Ongeza asilimia 5 hadi 8 ya kupatana, utaje milioni 23.5. Anayetaja 30 ili ashuke hadi 22 hapati faida. Wanunuzi makini hawapigi hata simu, na wanaokuja ni wale wanaobahatisha.

Upande wa mnunuzi kuna hesabu ya pili, ya kipato. Tuseme kulima ekari moja ni shilingi 60,000. Dizeli lita 7 kwa 3,000 ni 21,000, dereva na msaidizi 9,000, na akiba ya oili, visahani vya plau na tairi 10,000. Inabaki 20,000. Kwa ekari 200 kwa mwaka ni milioni 4, na miaka mitano ni milioni 20, kabla ya kuongeza atakachopata akiiuza tena. Kwa hiyo milioni 23.5 inaeleweka, 30 haieleweki. Udhaifu wa hesabu hii ni kwamba ekari 200 zinategemea mvua na wiki chache za kulimia. Mwenye shamba lake mwenyewe haipigi hivyo kabisa: yeye analipa ili asisubiri trekta ya jirani wakati mvua imeshaanza, na ana haki ya kulipa zaidi.

Je, utengeneze kwanza au uuze ilivyo? Wapo wanaofungua injini nzima na kupaka rangi kabla ya kuuza. Rangi mpya inamfanya mnunuzi mzoefu ajiulize imefunika nini, na fedha ya injini hairudi yote. Hata hivyo, trekta isiyoweza kujaribiwa hushuka bei kuliko gharama ya kasoro yake: klachi ikiteleza, mnunuzi atahesabu gia boksi nzima. Tengeneza kinachozuia majaribio, yaani betri, stata, klachi, breki. Tairi na haidroliki punguza kwenye bei na uziseme wazi. Plau, haro na trela zitajie bei kila kimoja peke yake, maana anayetaka trekta tu hatalipia trela yako.

Kadi ya usajili nayo ina bei. Ikiwa jina ni la marehemu, msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama ndiye mwenye uwezo wa kuuza. Bila hilo, mnunuzi anayejua atapunguza sana au ataondoka, na yuko sahihi.

Kisha kuna kalenda. Januari na Februari, kabla ya masika, wanunuzi ni wengi na hawana muda wa kusubiri. Juni wameshalima. Trekta ileile ikitangazwa Juni kwa bei ya Februari itakaa uani hadi vuli, na tairi zitapasuka kwa jua huku bei ikisubiri.