Dirisha Lisilofunguka

Mwaka juzi nilimuuguza shangazi yangu kwa siku tisa katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Jengo jipya, vioo toka chini mpaka juu. Ukilipita barabarani unajiona humo pamoja na daladala uliyopanda. Siku ya tatu kiyoyozi cha wodi kikafa. Fundi akaja, akapanda ngazi, akashuka, akasema kipuri kinaagizwa. Tukageukia madirisha, ndipo tukagundua hayana bawaba wala komeo. Vioo vimegandishwa kwenye fremu, basi. Muuguzi akazuia mlango kwa kiti, nami nikampepea shangazi kwa bahasha ya eksirei yake mwenyewe.

Tangu hapo nikisikia neno "hospitali ya kisasa" nauliza habari za madirisha kwanza.

Mji huohuo una hospitali ya Ocean Road. Wajerumani waliijenga mwishoni mwa karne ya 19 ikitazama bahari, kuta nene, varanda pana. Waliwajengea Wazungu wenzao, kwa hiyo sina la kuwashukuru, ila walijua upepo wa bahari haukatiki kama umeme. Sisi tumepata wapi wazo kwamba jengo la joto hili lifungwe kama chupa?

Na shida si jasho tu. Huko Tugela Ferry, Afrika Kusini, mwaka 2005 na 2006, wagonjwa 53 walikutwa na kifua kikuu sugu kisichosikia karibu dawa zote. Walifariki 52. Wengi inaaminika waliambukizwa palepale hospitalini, walikokwenda kutafuta nafuu. Kisha watafiti wakapima hewa katika hospitali nane za Lima, Peru, wakachapisha matokeo mwaka 2007: vyumba vya zamani vyenye dari za juu na madirisha makubwa, yakifunguliwa, hewa yake hubadilika kama mara 40 kwa saa. Vyumba vipya, mara 17. Vile vya mitambo ya gharama, vilivyotengwa kwa ajili ya maambukizi, mara 12.

Rwanda walilichukua somo hili. Hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera, ilifunguliwa mwaka 2011, imejengwa kwa mawe ya volkeno yaliyochongwa na mafundi wa hapohapo. Hakuna korido ya ndani ambapo watu wanakoholeana. Unapita nje, kwenye varanda. Vitanda vimeegemezwa kwenye ukuta mfupi katikati ya wodi, kwa hiyo mgonjwa akifumbua macho anaona vilima badala ya mgonjwa mwenzake. Juu kuna mapangaboi makubwa ya kusukuma hewa, na taa maalumu za kuua vijidudu. Kijijini, hiyo.

Chumba cha upasuaji kinahitaji mitambo, sibishi, na ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, vilevile. Lakini wodi ya kawaida, mapokezi, benchi la kusubiria daktari? Huko ndiko watu wengi wanakoshinda.

Kuna na jambo jingine ambalo sijawahi kuliona kwenye mchoro wowote: sisi wauguzaji. Hospitali zetu haziendi bila ndugu. Ndiye anayeleta uji, anayekimbia famasi, anayemgeuza mgonjwa usiku. Nilikutana na mama mmoja wa kutoka Kilwa aliyelala kwenye ngazi za dharura wiki nzima, hotpoti zake kazifunika kwa khanga, na kila alfajiri mlinzi anamwamsha aondoke kabla wakubwa hawajafika. Chumba kimoja chenye mikeka, bomba na jiko kingegharimu kidogo kuliko ile chemchemi ya maji pale getini. Chemchemi yenyewe haikuwa na maji.

Karibu na kwangu wanajenga hospitali nyingine sasa. Mchoro umebandikwa kwenye uzio, rangi nzuri, miti, magari yamepangwa sawasawa. Juzi nilisimama nikahesabu ghorofa nne za vioo vya buluu, nikatafuta hata dirisha moja lililochorwa likiwa wazi. Fundi mmoja akaniuliza, "Mzee, unatafuta kazi?"