Fizikia, Bukukipingi na Bwana Kesho

Matokeo ya mock yalipobandikwa nje ya ofisi, fizikia yangu ilisoma 17. D inaanzia 30. Ilikuwa Agosti 2024, kidato cha nne, Kigoma mjini, na mtihani wa Taifa ni Novemba.

Rafiki yangu mmoja, kijana ambaye hisabati za kawaida zinamtoa jasho, alikuwa na 71 ya bukukipingi, lile somo la kutunza hesabu za biashara. Nikamvuta pembeni anipe siri. Akasema, "Mwanangu, kushoto debiti, kulia krediti. Pande mbili zikilingana, umemaliza, unaenda kula." Nikaona hapa ndipo kwangu. Fizikia hata ikilingana bado wanakuuliza uniti.

Halafu mimi na fizikia tulishavunjiana heshima maabara. Lile jaribio la pendulamu mnalijua: unafunga kigololi kwenye uzi, unakibembeza, unahesabu mibembeo 20 huku mwenzako ameshika saa, mwisho unatafuta mvutano wa dunia. Jibu linatakiwa liwe 9.8 au jirani yake. Mimi nilipata 3.7. Mwalimu aliliangalia lile daftari kwa muda, akavua miwani, akaniuliza kwa upole kabisa, "Huu ni mvutano wa sayari ya Mirihi. Umerudi lini?" Kuanzia siku hiyo nikaitwa Mirihi. Jina likaruka ukuta wa shule, likafika sokoni Mwanga, hadi muuza chapati akawa ananiuliza huko juu chapati ni shilingi ngapi.

Nikaanza kuomba ushauri, na ushauri Kigoma haununuliwi. Mjomba wa Kasulu, fundi wa kuchomelea, aliniambia kwenye simu nisithubutu, nchi inataka watu wa sayansi. Nikamuuliza yeye fizikia alipata ngapi, mtandao ukakatika. Dada yangu aliyekuwa anasoma HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza, alisema niache yote niingie sanaa, kana kwamba sanaa ni daladala unayoidandia kituo chochote. Baba mdogo, mvuvi, alitaka kujua hiyo bukukipingi inaliwa na ugali gani. Mama, anayeuza dagaa Kibirizi, ndiye aliyenipa jibu la maana: "Kama huko wanafundisha kudai, nenda hata leo."

Mwalimu wa bukukipingi hakunikatalia. Alisema kuhama somo ni sahihi ya mwalimu wa taaluma, na yeye atanisindikiza kwa sharti moja: nimletee vitabu vya biashara ya kweli, leja imejazwa, wadaiwa wameorodheshwa, na mizania imelingana hadi senti. "Isipolingana," akasema, "rudi Mirihi."

Biashara ya kweli ninayo nyumbani. Mwaka huo ulikuwa na mambo yake. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, na mitumbwi ikaburutwa mchangani. Sisi tumezoea mapumziko mafupi: dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikishika watu wanapumzika mpaka giza lirudi. Lakini miezi mitatu? Mama alikuwa amejiwekea magunia mapema. Bei ikapanda, na watu wa Kigoma hawawezi kulala bila dagaa, kwa hiyo wakahamia kwenye mkopo. Kauntabuku ya Mama ikanenepa.

Usiku nikaifungua. Humo ndani hakuna jina hata moja la kwenye kitambulisho. Kuna Mama Kelele. Kuna Mzee Kikohozi. Kuna Yule wa Bodaboda Nyekundu, na chini yake Mke wa Yule wa Bodaboda Nyekundu, kila mmoja anakopa kivyake na mwenzake asijue. Halafu ukurasa mzima, mstari hadi mstari, ni wa mtu mmoja: Bwana Kesho. Visado vya dagaa, migebuka ya kukausha, chupa za mawese. Jumla shilingi 64,000.

"Mama, huyu Bwana Kesho ni nani?"

"Ni mtu wa watu. Anapita asubuhi na salamu ya 'mwakeye' ndefu mpaka unasahau kumdai. Ukikumbuka, anasema kesho."

"Nataka jina lake halisi, niandike kwenye leja."

"Andika hivyo hivyo. Anajijua."

Nikasisitiza kwamba kitaalamu mdaiwa lazima awe na maelezo. Mama akafikiri, akasema niandike koti la kaki, baiskeli haina breki, na anapenda dagaa wakubwa wasio na mchanga. Nikaandika.

Ile kazi niliifanya kwa moyo, tena nilijifunza kitu ambacho fizikia haijawahi kunipa: raha. Nilichora mistari kwa rula na kalamu nyekundu. Rafiki yangu wa 71 akanionyesha sura ya madeni mabaya, yale ambayo mfanyabiashara ameshakata tamaa nayo kwa sababu mdaiwa amefilisika, amekufa au hajulikani alipo. Nikaona hapa ndipo nitakapomaliza mchezo. Kwenye jina la Bwana Kesho nikaongeza kwa wekundu: "Deni lina dalili zote za kuwa baya. Mdaiwa huenda amefilisika, amekufa au hajulikani alipo." Mizania ikalingana saa sita za usiku. Niliiangalia kama dakika tano bila kupepesa.

Kesho yake, mapumziko ya chai, mwalimu wa bukukipingi akanipeleka ofisi ya walimu. Walimu wote wamo, vikombe mkononi, chapati mezani. Mwalimu wa taaluma yuko kwenye meza ya kona, kichwa kwenye makaratasi. Nikaamkia, shikamooni walimu, wakaitikia, nikaambiwa nisimame katikati nisome kazi yangu ili wote wasikie kijana wa sayansi anavyotaka kuokoka.

Nikasoma. Mali iliyopo, magunia. Fedha taslimu. Nikafika kwa wadaiwa. Mama Kelele, 8,000, walimu wakacheka. Mzee Kikohozi, 3,500, wakacheka zaidi. Yule wa Bodaboda Nyekundu na mkewe. Mwalimu wa Kiswahili akashika mbavu. Mimi nikapata kiburi cha msanii. Sauti ikapanda.

"Bwana Kesho! Elfu sitini na nne! Huyu ndiye mdaiwa sugu wa biashara nzima!"

"Ana maelezo gani?" akauliza mwalimu wa bukukipingi, akifurahia kama mwenye mwanafunzi wake.

"Koti la kaki," nikasoma. "Baiskeli haina breki. Anapenda dagaa wakubwa wasio na mchanga."

Kicheko kikapungua. Mimi macho yako kwenye karatasi, nikadhani wamevutiwa. Nikaendelea na ile sehemu ya wekundu, taratibu, kwa msisitizo: mdaiwa huenda amefilisika, amekufa au hajulikani alipo. Mtu akapaliwa na chai. Nilipoinua kichwa, walimu wote walikuwa wanaangalia kona moja. Nje ya dirisha la kona hiyo, chini ya mwembe, ilikuwepo baiskeli ambayo kila asubuhi mwenyewe anaisimamisha kwa kuburuta kiatu. Na kwenye kiti, lile koti.

Jamani, nilitamani Mirihi iwe kweli.

Mwalimu wa taaluma anafundisha hisabati. Hilo ndilo lililomponza, kwa sababu mtu mwingine angekaa kimya na jambo likapita. Yeye akaweka kalamu chini, akasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Hesabu hiyo ina kosa. Siku ile ya mvua nilitoa elfu kumi. Iwe 54,000."

Ofisi ililipuka. Mwalimu wa Kiswahili alitoka nje kabisa. Mpishi alichungulia kuuliza nani kafariki. Mwalimu wa bukukipingi peke yake hakucheka. Alichukua karatasi yangu, akakata 64,000, akaandika 54,000, akajumlisha pande mbili, akatikisa kichwa. "Haijalingana," akasema, na mkataba wetu ukaishia hapo.

Nikageukia kona nikiwa na tone la mwisho la matumaini. "Mwalimu, na kuhusu kuhama somo..."

Aliniangalia. Ofisi nzima ikasubiri.

"Njoo kesho," akasema.

Nilikwenda. Akanifungulia jalada, akaniwekea kidole kwenye jina langu: masomo yangu yote yamo kwa namba, na ya fizikia, 031, imekaa vizuri kuliko zote. Orodha ile ilikuwa Baraza la Mitihani tangu mwanzo wa mwaka. Mwalimu wa bukukipingi alilijua hilo, taaluma alilijua, nadhani hata mpishi. Walitaka tu kuona mizania.

Nyumbani nilimsimulia Mama nikitegemea pole. Alisikiliza hadi mwisho, akaacha kuchambua dagaa. "Elfu kumi? Siku ya mvua alitoa elfu tano! Rudi shule umwambie." Nikakataa katakata. Mama akajifunga kanga ya pili na kwenda mwenyewe. Sijui walizungumza nini, ila jioni kwenye simu ya Mama iliingia 54,000, ikifuatiwa na ujumbe kwamba hiyo tano ni kesho.

Mimi nikarudi kwa kigololi na uzi. Mwalimu wa fizikia alinikalisha baada ya vipindi mpaka tukagundua kwamba nilikuwa naruka mibembeo mingine bila kuihesabu, na kwamba mwenzangu wa saa alikuwa anaianzisha pale anapojisikia. Hadi Oktoba nilishafika 9.6, na taaluma mwenyewe alikuja maabara kulishuhudia jibu hilo, akiwa na koti.

Matokeo yalitoka Januari 2025. Fizikia, D. Mama alinunulia nyumba nzima soda, akanikabidhi rasmi kauntabuku mpya niwe mtunza hesabu wake. Nikafungua ukurasa wa kwanza nione tunaanza na nani. Bwana Kesho hayumo. Mama ameshaandika, kwa mkono wake, dagaa wakubwa visado viwili: Bwana Keshokutwa.