Mshale mmoja, faili kwisha

Jana dogo mmoja wa ofisini kanijia uso umemshuka, "kaka, faili limebaki tupu." Nikajua kabla hata sijafika kwenye meza yake. Namba za wateja 3,000 na ushee, alitaka tu azipange na kuondoa zilizojirudia, kaandika kwenye terminal, lile dirisha la kuandikia amri (ule mshale maana yake matokeo yaende kwenye faili hilo):

sort -u namba.txt > namba.txt

Enta. Kimya. Hakuna onyo, hakuna kelele, faili baiti 0. Bekapu? Msinichekeshe.

Aliyenikera wala siyo dogo, ni jamaa wa meza ya pembeni, eti "si angekuwa makini". Makini na nini? Mtu yeyote anausoma ule mstari toka kushoto: panga kwanza, ukimaliza ndo uandike. Kumbe sheli (siyo ya mafuta jamani, ni programu inayopokea amri unazoandika) inaanza na mshale! Inafungua faili, inalifuta lote, ndo inamwita sort aje kazini, sort anafika anakuta sahani zimeshaoshwa. Yaani hata ukikosea herufi ukaandika srot, ukaambiwa command not found, faili lako limeshakwenda vilevile. Nani alikaa akaona hii ni sawa?

Na dawa ipo. Weka set -o noclobber (yaani usiandike juu ya faili lililopo) kwenye .bashrc, faili la mipangilio ya sheli iitwayo Bash, basi. Bash itakugomea, cannot overwrite existing file, na kama kweli unataka kulifuta unaandika >| kwa mkono wako mwenyewe, hapo ukilia unalia peke yako. /dev/null, lile shimo la kutupia matokeo usiyoyataka, inapita kama kawaida. Sasa kwa nini inakuja imezimwa? Kisimu cha bei ya kutupa ukitaka kufuta picha kinakuuliza, una uhakika?

Haya najua, ikiwashwa kila mahali skripti za watu (mafaili ya amri zinazojiendesha zenyewe) zitagoma, na haizuii cp (kunakili) wala mv (kuhamisha). Sawa, mmeshinda. Ila si iwashwe pale mtu anapoandika kwa mkono tu, skripti ziachwe na mambo yao?



Dogo nimemwonyesha sort -u -o namba.txt namba.txt, hiyo -o inamwachia sort mwenyewe aandike akishasoma yote, kazi ileile alivyoitaka na faili linabaki salama. Namba zenyewe anazitoa upya moja moja kwenye meseji za zamani, naondoka jioni alikuwa kafika 214.