Telegrafu Ilistahili Kubaki Mikononi mwa Umma

Mwaka 1843 Bunge la Marekani lilimtengea mvumbuzi Samuel Morse dola 30,000 ili ajenge njia ya telegrafu, yaani mtambo wa kutuma ujumbe kwa umeme kupitia waya, kati ya Washington na Baltimore. Muswada huo ulipojadiliwa, mbunge Cave Johnson wa Tennessee aliukejeli kwa kupendekeza nusu ya fedha wapewe watafiti wa mazingaombwe ya kuwatia watu usingizi. Miaka miwili baadaye Johnson huyohuyo alikuwa mkuu wa Posta, na waya wa Morse ukawa chini yake.

Taarifa aliyoitoa mwaka 1845 inastahili kusomwa kwa makini. Alieleza kwamba haoni bei yoyote ya ujumbe itakayofidia gharama za uendeshaji. Lakini papo hapo alionya kwamba chombo chenye nguvu kiasi hicho, kikiachwa kwa watu binafsi wasiodhibitiwa na sheria, kinaweza kuidhuru jamii kwa kiwango kisichokadirika. Bunge lilizingatia hesabu, onyo likalipuuza. Morse alikuwa radhi kuuza hataza yake, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi huo, kwa dola 100,000, serikali haikuinunua, na kufikia mwaka 1847 njia ile ilikuwa imekabidhiwa kwa watu binafsi.

Naamini hilo lilikuwa kosa kubwa, kwani mapato ya waya mmoja unaounganisha miji miwili tu hayawezi kuwa kipimo cha mtandao ambao manufaa yake huongezeka kila mji mpya unapoingia. Sikatai kwamba kampuni binafsi zilitandaza nyaya kwa kasi ya ajabu. Hata hivyo, ushindani uliotarajiwa haukudumu: mwaka 1866 Western Union, ambayo wengi wetu tunaijua kwa fedha zinazotumwa na ndugu walio ughaibuni, iliwameza wapinzani wake wakuu wawili, ikabaki na ukiritimba.

Uingereza nayo ilianza na kampuni binafsi, kisha mwaka 1870 ikaikabidhi Posta telegrafu zote za ndani, na bei ikawa shilingi 1 kwa maneno 20, uwe mbali au karibu. Wanaopinga umiliki wa serikali hutaja hasara iliyofuata, nayo ni ya kweli. Wanachosahau ni kwamba Posta ilianza kazi ikiwa imebeba mzigo wa mamilioni ya pauni yaliyolipwa kwa wenye hisa na kampuni za reli, kwa sababu serikali ilisubiri zaidi ya miaka 20, hadi biashara hiyo ilipokwisha kunona.