Wanafunzi wa uuguzi wanahitaji wa kuwatazama, midoli baadaye

Jumuiya yetu ya Wazanzibari tunaoishi kusini mwa Uingereza inachangisha fedha za kununulia midoli ya mazoezi, ipelekwe kwa wanafunzi wa uuguzi Unguja na Pemba. Tunazungumzia midoli yenye kimo cha mtu mzima, inayopumua, yenye mapigo ya moyo ya kusikiliza, na ipo na aina inayojifungua kitoto cha plastiki. Nia ni njema na waliobuni mchango nawaheshimu. Mimi sikuchangia. Kikaoni nilipewa dakika mbili nieleze kwa nini, na dakika mbili kwa Mzanzibari hazimalizi hata salamu, kwa hiyo naandika.

Mimi ni muuguzi. Nilisomea Unguja, mazoezi ya wodini nikayafanya visiwa vyote viwili, nikaajiriwa, baadaye ndoa ikanileta huku. Kuandikishwa hapa hakutaki cheti peke yake. Kuna mtihani wa Kiingereza, kuna wa kompyuta, kisha ule wa vitendo wauitao OSCE, wenye vituo 10, na kwenye vingi mtahini yuko na karatasi yake anaangalia kama umenawa mikono kabla hujamgusa mgonjwa. Sasa nipo wodi ya upasuaji, na sehemu ya kazi yangu ni kuwasimamia wanafunzi wanaoletwa kwetu.

Watu wa nyumbani wakisikia habari za mafunzo ya Uingereza hufikiria mashine. Lakini utaratibu wa huku umejengwa juu ya saa. Baraza la Wauguzi na Wakunga, NMC, linataka mwanafunzi atimize saa 4,600 kabla ya kuandikishwa: nusu za nadharia, nusu za vitendo. Katika zile 2,300 za vitendo, mazoezi ya kuigiza, yakiwemo ya midoli, hayaruhusiwi kuzidi 600. Yaani nchi yenye uwezo wa kununua mdoli wa kila aina bado inamwambia mwanafunzi, zilizobaki nenda kwa binadamu. Na akifika huko hahesabiwi kama mfanyakazi. Ni wa ziada kwenye zamu. Wodi ikipungukiwa watu, haitakiwi azibe yeye pengo. Ana muuguzi wa kumsimamia, na ana mwingine wa kumpima na kumsainia kitabu chake cha mazoezi, ambaye kwa mwanafunzi huyo lazima awe mtu tofauti na yule wa kwanza.

Hilo ndilo ninalolionea wivu kwa niaba ya wadogo zangu walioko nyumbani.

Nisije nikaonekana nimelewa ya Wazungu. Huku mwanafunzi huchagua tangu mwanzo: wagonjwa watu wazima, watoto, afya ya akili, au watu wenye ulemavu wa kujifunza. Ukunga ni masomo mengine kabisa. Kwetu diploma ni ya uuguzi na ukunga pamoja, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ukipangiwa kituo cha afya huko Makangale, Pemba, wewe ndiye wa chanjo, wewe ndiye wa vidonda, wewe ndiye wa kuzalisha, na mchana ukiingia ndiye wa kumsikiliza bibi mwenye presha ambaye dawa alipewa Chake Chake, nusu akamgaia jirani yake kwa kuwa na yeye kichwa kinamuuma. Mimi hapa nimesimamia wanafunzi wa mwaka wa tatu ambao branula, sindano ya kuwekea dripu, wameichoma kwenye mkono wa plastiki tu. Hatua zote wanazijua, wanaweza kukusomea kama sura waliyohifadhi. Ukiletwa mkono wa mzee wa miaka 80 ambaye mshipa unakimbia chini ya ngozi, vidole vinawatetemeka. Mwanafunzi wa Pemba kufikia hapo ameshachoma watoto wanaopiga kelele, mama kashika miguu, shangazi kashika kichwa, na bibi mlangoni anatoa amri.

Ila kuna jambo ambalo wa huku wanalipata na wetu wanalikosa, na nilipolitambua lilinishangaza maana halihitaji hata senti. Wa huku huanza kwa kumwogesha mgonjwa, kumlisha, kumgeuza. Kwetu kazi hiyo ni ya jamaa. Wanakuja alfajiri na chupa ya uji na ndoo, wanamwosha mtu wao, wanamfunika, wanaondoka, na muuguzi anapofika mgonjwa ameshapambwa. Ni uzuri wetu huo, siutaki upotee. Lakini mwanafunzi anaweza kumaliza skuli hajawahi kuutazama vizuri mgongo wa mgonjwa aliyelala wiki nzima. Kidonda cha kulalia huonekana na anayeogesha, kabla ngozi haijachanika. Na kwenye ngozi zetu nyeusi ule wekundu unaoandikwa vitabuni mara nyingi hauonekani. Lazima uguse, usikie joto na ugumu. Mwanafunzi angeambiwa tu aingie amsaidie binti wa mgonjwa kuosha, angeondoka na elimu ambayo hakuna mdoli unaoitoa.

Sasa nije kwenye damu, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Wodi ya wazazi tulifundishwa kukadiria damu kwa macho. Kanga imelowa nusu. Kanga imelowa yote. Kanga mbili. Waliotufundisha walikuwa wazoefu kweli, wanawake ambao mikono yao imepokea watoto wa vijiji kwa vijiji, na hakuna hata siku moja tuliyopima tukaona kama makadirio yetu yalikuwa ya kweli. Nilipojifungua mwanangu huku nilimwona mkunga anakusanya kila pedi na kila kitambaa, anaweka kwenye mizani, anatoa uzito wa vikavu, anaandika: gramu moja, mililita moja. Mizani yenyewe ya kawaida, kama ya kupimia unga. Inajulikana siku nyingi kwamba jicho hukadiria chini, na damu ikizidi kuwa nyingi ndivyo jicho linavyozidi kukosea, yaani linakosea pale pale unapolihitaji.

Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Wakunga walipewa mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia, unaowekwa chini ya mzazi mara mtoto akishatoka, pamoja na mpangilio wa matibabu yanayotolewa yote kwa mkupuo damu ikivuka kiwango: kusugua mfuko wa uzazi, dawa za kuubana, dripu, kukagua damu inatoka wapi, na kuita msaada mapema. Matukio mabaya ya kutokwa na damu, pamoja na upasuaji wa kuizuia na vifo, yalipungua kwa asilimia 60. Hawakuletwa wakunga wengine kutoka ng'ambo. Ni walewale, na uzoefu wao uleule, ila safari hii kuna kitu kinawaambia papo hapo kwamba jicho lako limekosea.

Mshona kofia ambaye hakaguliwi hurudia tundu lake la kombo kofia baada ya kofia, na kadiri anavyozoea ndivyo anavyoliharakisha. Tukisema "mwanafunzi apate uzoefu" tunadhani uzoefu hufundisha wenyewe. Nyumbani uzoefu tunao wa kumwaga. Unaopungua ni mtu wa kusimama nyuma ya mwanafunzi akamwambia, hapa sawa, hapa rudia.

Kila aliyepita fildi kwetu, yaani mazoezi ya wodini, anaijua hali. Wanafunzi wengi, wauguzi wachache, pengine muuguzi mmoja na wodi nzima. Unafika asubuhi, unaambiwa, mwanangu, kapime presha na homa kitanda cha kwanza hadi cha mwisho. Unapima, unaandika, hakuna anayerudi kuangalia. Baada ya wiki unakuta kwenye karatasi wodi nzima inapumua mara 20 kwa dakika, kila mtu, mwenye nimonia na aliyevunjika mguu. (Msicheke sana. Huku niliko wagonjwa wote hupumua mara 18. Tofauti ni kwamba mwanafunzi akiniletea 18 kwa wagonjwa wanane mfululizo, mimi ndiye niliyepewa jukumu la kumrudisha kitandani, tukatoa saa, tukahesabu pamoja dakika nzima.) Siku ya mwisho ya fildi kuna foleni mlangoni kwa inchaji, vitabu vinasainiwa kurasa kumi kwa pamoja, na kila mtu anaomba Mungu kalamu isiishe wino. Muuguzi yule simlaumu. Anayetakiwa kutoa dawa za wagonjwa wote, kupokea wapya na kujibu jamaa dirishani hawezi pia kuwa mwalimu kwa nguvu za dua.

Wapo wanaosema usimamizi kama wa huku ni wa nchi tajiri. Wangesoma historia ya hao matajiri. Florence Nightingale alifungua skuli yake kwenye hospitali ya St Thomas' jijini London mwaka 1860, na tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 100, mwanafunzi wa uuguzi wa Uingereza alikuwa mfanyakazi wa wodi kama wetu leo: anasafisha, anazungushwa zamu za usiku, anajifunza akibahatika. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980, mafunzo yalipoanza kuhamishiwa vyuoni, ndipo akafanywa wa ziada. Wauguzi wa huku waliokaribia kustaafu wanakumbuka. Kwa hiyo tuliyonayo nyumbani ni hatua ambayo na wao waliikaa muda mrefu mno.

Na wala hawajafika peponi. Mwanafunzi wa England analipa ada ya zaidi ya pauni 9,000 kwa mwaka, saa zake za wodini halipwi, anapewa ruzuku ya pauni 5,000 kwa mwaka, na wikiendi wengi huvaa sare nyingine kwenda kufanya kazi za usaidizi wapate kodi ya nyumba. Wengine wanakimbizana na saini hadi wanasahau mgonjwa. Kuna siku namwambia binti wa watu weka hiyo kompyuta chini, yule mama analia.

La mwisho ni la stara, na hili najua litawaudhi baadhi. Sisi ni watu wa stara. Tunawaambia Wazungu hivyo kila siku. Lakini mama wa Kizanzibari anaweza kulala kitandani na uchungu, miguu wazi, na wanafunzi sita wamemzunguka, wake kwa waume, hakuna aliyemuuliza. Huku, kwa hao tunaowaona hawana haya, pazia linavutwa kwanza, na mwanafunzi hajaingia mpaka mama ameulizwa na amekubali. Akikataa, mwanafunzi anabaki nje na hakuna anayenuna. Mwanafunzi anayefundishwa kuomba ruhusa anajifunza ukunga na adabu kwa pamoja. Wakunga wetu wa jadi walilijua hilo bila kwenda darasani: chumba kilikuwa cha mzazi, mama yake na mkunga.

Basi mimi ningependa fedha za jumuiya ziende wapi? Kuna wauguzi na wakunga wastaafu Unguja na Pemba, bado wana nguvu, akili zao kali, wanashinda nyumbani wakizozana na wajukuu. Wachaguliwe walio tayari, wakubaliane na chuo na uongozi wa hospitali, kila mmoja apewe wanafunzi wachache wa kuwafuata wodini asubuhi mbili kwa wiki. Asitoe dawa, asipokee mgonjwa, asijibu simu. Atazame tu mwanafunzi anachofanya, amsahihishe pale pale, na asaini alichokiona kwa macho yake. Kabla ya hapo nao wapewe mafunzo mafupi, maana mbinu nyingine zimebadilika tangu wastaafu, na mtu aliyekadiria damu kwa kanga maisha yake yote anahitaji naye kukaa na mizani. Gharama ni posho, nauli ya daladala, mizani kwa kila wodi ya wazazi na saa zenye mkono wa sekunde.

Midoli sisemi ni haramu. Kumfufua mtoto mchanga asiyepumua, kwa mfano, hakuna anayetaka kulifanya mara ya kwanza kwa mtoto wa mtu, na kidoli kidogo cha kujazwa maji chenye kipuliziaji kinatosha kwa hilo. Lakini ile mikubwa ya umeme inataka fundi, vipuri na chumba chenye kiyoyozi, na nimeshaona zaidi ya kifaa kimoja cha msaada kikigeuka meza ya kuwekea mafaili.

Mweka hazina alinipigia juzi kuuliza kama nimebadili mawazo. Nilimwambia fungua mstari mwingine kwenye daftari, uandike nauli ya wastaafu, na mchango wangu uuweke hapo. Ameniambia atalipeleka kwenye kikao kijacho, na safari hii ameniahidi dakika tano.