Riwaya za wakubwa mkononi mwa binti wa kidato cha pili

Mwaka 1971 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa, iliyoruhusu msichana wa miaka 15 aolewe mradi mzazi ameridhia. Mwaka huohuo Euphrase Kezilahabi akatoa Rosa Mistika, riwaya ya binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa kipigo, hata alipoupata uhuru hakujua aufanyie nini. Riwaya ikapigwa marufuku shuleni kabla ya kuja kukubaliwa baadaye. Sheria ikaendelea kutumika, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kwamba vifungu vile vinakwenda kinyume cha Katiba. Yaani tuliwahi kuona msichana anaweza kuwa mke wa mtu, lakini hawezi kusoma yanayowapata wasichana.

Nayakumbusha haya kwa sababu mjadala wa riwaya zipi za watu wazima zinamfaa kijana umeingia nyumbani kwa dada yangu, hapa Mwanga, Kigoma. Binti yake ana miaka 14, yuko kidato cha pili, vitabu vya shule amevimaliza na bado ana njaa ya kusoma. Amepata kwa rafiki yake Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, nakala iliyozunguka bweni zima, kava lake limetoka na imevikwa karatasi ya kaki. Ukiilaza mezani inafunguka yenyewe kwenye kurasa zilezile ambazo wasomaji waliotangulia walizirudia rudia. Mama mtu alipoishika, ikamfungukia hapohapo. Sasa iko kabatini, na ufunguo anao yeye.

Hofu ya dada yangu ina msingi. Msichana akipata mimba, kinachokatika kwanza ni shule. Ni kweli serikali iliruhusu mwaka 2021 waliojifungua warudi darasani, lakini kurudi kunataka mtu wa kubaki na mtoto, nauli, na moyo wa kustahimili macho ya wenzako. Mzazi aliyeyaona hayo kwa jirani halaumiki akitaka kila mlango ufungwe. Wala hayuko peke yake: Februari 2023 serikali ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa hoja ya maadili.

Tena zipo riwaya zinazostahili wasiwasi huo. Chukua zile za kijasusi, ambapo mwanamke anaingizwa akiwa amepambwa, analala na mpelelezi, anauawa, na kurasa mbili mbele hakuna anayemkumbuka. Mimi hizo zinanitisha kuliko tukio lolote la kitandani lililoandikwa kwa utu. Sisemi aina nzima ya uandishi itupwe. Ben Mtobwa, mtoto wa mkoa huuhuu wetu, aliandika visa vya mpelelezi Joram Kiango kwa kasi ambayo hata mvulana anayekimbia vitabu humaliza. Ningempa mvulana wa miaka 16. Wa 13 angengoja.

Ila ukishafunga kabati, unampa nini badala yake? Hapa ndipo hoja ya kuzuia inapoanza kuchoka. Kwa Kiswahili tuna vitabu vya watoto vyenye picha, halafu unaruka moja kwa moja hadi riwaya za wakubwa. Katikati pana vitu vichache mno. Wazazi hukimbilia Shaaban Robert. Adili na Nduguze haina ukurasa wa kumnyima mama usingizi, na Kiswahili chake ni cha kulambia vidole. Lakini mhusika akiitwa Adili na ndugu yake Hasidi, wameshahukumiwa kabla hawajatenda lolote, na msichana wa miaka 14 anatafuta watu ambao hajui wataishia wapi. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, anasaidia zaidi: Mzimu wa Watu wa Kale, ya mwaka 1960, ina maiti na fumbo na mzee mwenye kiko anayefikiri kwa utulivu. Ni mwanzo mzuri kwa karibu kila mtoto.

Kisha kuna simu. Dada yangu amefungia riwaya iliyopita kwa mhariri na mchapishaji, na binti anaazima simu ya mama huyohuyo kwa ajili ya magrupu ya masomo. Humo zinapita simulizi ambazo sehemu ya kwanza ni bure na inakatwa pale pale nguo zinapovuliwa, ukitaka iendelee unalipia. Mwandishi wa simulizi hizo hana haja na kitakachomtokea msichana kesho yake asubuhi. Adam Shafi anayo. Yasmin wake ana miaka 15 anapoozwa Bwana Raza, mtu wa makamo anayeweza kumzaa, na riwaya nzima inafuatilia gharama ya ndoa ile: nani aliilipa, nani alimpa kisogo, nani alimfungulia mlango. Kurasa zile zinazofunguka zenyewe ukizisoma pamoja na zilizotangulia hazisemi kitu kilekile.

Kwa hiyo mimi naangalia kama mwandishi anaonyesha gharama, na nani anailipa. Kuwepo kwa mapenzi peke yake hakunitoshi kuamua. Kipimo hiki kinanipeleka mahali ambapo dada yangu hakutarajia: namwachia binti Vuta N'kuvute, na ninayoisogeza mbele ni Rosa Mistika. Wazazi wengi wakiisikia wanawaza wanaume na utoaji mimba. Mimi nawaza mwisho wake, maana Rosa anajiua. Ni riwaya kubwa, na ukali wa baba yake Zakaria ungefaa kusomwa na kila baba wa Kigoma. Lakini binti wa miaka 14 ambaye wiki hii hazungumzi na baba yake anaweza kuuona mwisho ule kama njia. Asubiri kidato cha nne, na asiisome peke yake.

Kwa wavulana ningeongeza Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka 2022. Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa rehani kwa deni la baba yake, kisha anafuatana na msafara wa biashara kwenda bara. Kijana wa Ujiji, mji ambako njia ile kubwa ya misafara kutoka pwani iliishia, ana haki ya kwanza ya kuisoma. Ndani yake kuna watu wazima wanaomtamani mtoto wa kiume, jambo ambalo nyumbani halitajwi kabisa. Kutotajwa huko hakujawahi kuwalinda wavulana.

Linabaki pingamizi moja zito. Nasema asome na mtu mzima karibu, wakati dada yangu alfajiri yuko mwaloni Kibirizi akipokea dagaa na usiku anarudi hoi, na mwalimu ana darasa lililofurika. Nani akae naye? Jibu nililompa ni mpwa wetu mkubwa aliyemaliza kidato cha sita. Vuta N'kuvute aliisoma kwa ajili ya mtihani, anaijua sura kwa sura, na bado hajaenda chuo. Amepewa ufunguo wa kabati, na jioni wanasoma pamoja, wakianza na ndoa ya Yasmin.